Niliandika Kumi na Moja

Feza mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, nami nimevuta kigoda hadi mlangoni nipate mwangaza kabla mvua haijaanza. Mambo ya sanduku sitayaandika hapa, wala ya chumvi, wala ya vile vitenge viwili. Nimeshakuambia mara nne na umeshaninunia mara nne. Kesho asubuhi kamio ya mizigo itakuchukua, na ukifika Bukavu utajipanga mwenyewe.

Ninachoandika ni jambo ambalo katika nyumba hii halisemwi. Baba yako aliniomba lisisemwe mbele yako, nami nimenyamaza miaka kumi. Lakini hakuomba lisiandikwe, na sikuona haja ya kumkumbusha.

Ningenyamaza hata leo kama si neno lako la Jumanne. Ulirudi kutoka kwa Masista na ile karatasi ya shule, ukaniambia Sista Mkuu amesema huko Bukavu wasichana watafundishwa kushona, kupika, kulea watoto, na hesabu kidogo tu mpaka kugawanya, kwa sababu zaidi ya hapo kichwa cha msichana kinachoka. Nikakuuliza ulimjibu nini. Ukasema, "Nilimwambia ndiyo, Sista. Si kitu, Mama. Nitaandika wanavyotaka."

Uliona nimeangusha sufuria, ukadhani nimeungua. Sikuungua. Maneno hayo ya kuandika wanavyotaka niliwahi kuyasema mimi, na mtu akafa.

Ile kambi ya mgodi, kule milimani upande wa Kabambare, unaikumbuka kidogo. Ulikuwa na miaka mitano. Baba yako alikuwa mlinzi wa tablo katika santrali, ile nyumba ya mashini iliyotoa umeme wa mgodi wote. Tablo ilikuwa ubao wa jiwe jeusi, mrefu kuliko mtu, umejaa vioo vya mviringo kama saa za ukutani, na kila kioo kina sindano yake. Kazi ya baba yako ilikuwa kuzisoma sindano hizo kila saa na kuandika namba katika kaye, daftari la kampuni. Jioni Mzungu wa mashini alipita, akatia sahihi chini ya ukurasa, akaenda zake. Mzungu huyo tulimwita Bwana Sasaivi, kwa kuwa kila alichotaka alikitaka sasa ivi.

Kabla ya mgodi baba yako alikuwa mpiga kasia Nyangwe, miaka mingi, na wale inzi weusi wa mtoni walimwachia ugonjwa wa macho. Mwanzo alisema ni moshi wa jikoni. Halafu akasema ni jua. Siku moja alijimiminia chai mbele yangu, chai ikaangukia pembeni ya kikombe, naye akaendelea kumimina.

Nilikuwa nampelekea chakula santrali saa sita mchana. Siku chache baada ya ile chai, alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mama Feza, niangalilie ile sindano ya pili. Iko wapi?"

"Iko kwenye ishirini."

Akaandika ishirini, kidole chake cha kushoto kikifuata mstari wa kaye.

Tangu hapo nikawa naenda asubuhi na ufagio, mchana na chakula, alasiri na maji ya kunywa, na kila mara nilikawia zaidi. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia mle ndani. Mlinzi wa mlango alikuwa mtu wa kwetu, akawa anageuza uso kila nipitapo. Baada ya mwezi baba yako alikuwa haoni hata mstari. Nikashika kalamu mimi. Tangu asubuhi hadi jioni, kila ukurasa wa mchana katika kaye ulikuwa mwandiko wangu, na Bwana Sasaivi alitia sahihi yake chini yake bila kujua.

Unajua nilikaa kwa Masista miaka mitatu hapa Kasongo, nikajifunza kusoma, kuandika, na hesabu mpaka kugawanya. Ndiyo, mpaka palepale ambapo kichwa cha msichana kinachoka. Siku moja nilimuuliza baba yako zile sindano zinasema nini. Alicheka, kisha akatambua mimi sicheki.

"Volti ni msukumo," akasema. "Amperi ni wingi wa umeme unaopita. Gawanya volti kwa amperi, unapata rezistansi, ni kusema ukaidi wa kile kitu, kinavyougomea umeme usipite. Zidisha volti kwa amperi, unapata wati, ni kusema nguvu inayoliwa pale, kazi yake na joto lake. Pasi ya Madamu iko navuta amperi mbili. Volti ni mia mbili na ishirini. Haya."

"Kugawanya, mia moja na kumi."

"Hiyo ni rezistansi yake. Na wati?"

"Mia nne na arobaini."

"Mimi walinifundisha miezi sita," akasema.

Nilizipenda hesabu zile, Feza. Nilizipenda kama mtu anavyopenda ngoma, na sioni haya kukuandikia hivyo. Nilikuwa natoka na ndoo kichwani nikihesabu taa za barabara ya Wazungu: hii ina wati ngapi, ile ina rezistansi ngapi. Wanawake wenzangu mtoni waliniuliza naongea na nani. Katika kambi ile hapakuwa na mwanamke aliyeambiwa kitu chochote na mtu yeyote isipokuwa toka, beba, fua. Mimi sindano ziliniambia nani amewasha jiko, nani amezima, mashini ipi ya kusaga mawe imeanza kuchoka. Nilijua mgodi ule kuliko wenyewe.

Tablo ilikuwa na laini tatu, kila moja na sindano yake ya amperi: laini ya mashini za kusaga mawe, laini ya nyumba za Wazungu, laini ya hospitali. Juu kabisa kulikuwa na sindano kubwa ya jumla, ya zote tatu pamoja. Laini ya hospitali niliijua kama kiganja changu. Mchana ilikuwa na vitu viwili tu: sufuria kubwa ya kuchemshia makasi ya daktari, wati elfu moja na mia sita, na jiko la maji ya wanawake wanaojifungua, wati mia nane. Kwa hiyo sindano yake ilisimama kwenye amperi kumi na moja, kila mchana, mwezi hadi mwezi. Mia mbili na ishirini kwa kumi na moja ni ishirini. Rezistansi ishirini. Haikubadilika, kwa kuwa sufuria ni ileile na jiko ni lilelile.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, sindano ikapanda. Kumi na tatu. Kesho yake kumi na tano. Volti palepale, sufuria ileile. Nilifanya hesabu mara tatu kwenye ukingo wa gazeti la kufungia samaki. Rezistansi ilikuwa inashuka, na haiwezi kushuka bure. Umeme ulikuwa umepata njia nyingine ya kupita, mahali ambapo hapakuwa na sufuria wala jiko.

Baba yako alimwambia Bwana Sasaivi jioni ile. Nilikuwa nje na ufagio, nikasikia.

"Bwana, laini ya hospitali iko navuta kupita kawaida yake. Tuseme kuna mahali waya umeliwa."

"Sumaili, nani alikufundisha weye kugawanya? Kazi yako iko kuandika. Kama sindano iko naruka, sindano ndiyo mubaya. Andika kama kila siku."

Ujue pia kwamba katika kila laini huwekwa kipande cha waya mwembamba, ili umeme ukizidi kikatike chenyewe. Cha hospitali kilikuwa kinakatika kila mvua, na Bwana Sasaivi alikuwa amechoka kuitwa. Alikiondoa akafunga waya mnene wa shaba. Nilimwona kwa macho yangu.

Siku iliyofuata sindano ilisema kumi na sita. Nilikuwa nimeshaweka kalamu kwenye kaye.

"Andika kumi na moja," baba yako akasema.

"Si kumi na moja."

"Mama Feza, ukiandika kumi na sita atakuja kusimama hapa. Ataniambia soma mbele yake. Nitasoma nini? Mutu asiyeona watamweka wapi? Na weye watakufanya nini, na mutoto? Andika wanavyotaka."

Nikatazama mlango. Nikasema, "Haya. Nitaandika wanavyotaka." Nikaandika kumi na moja.

Niliandika kumi na moja siku tisa.

Sindano ya jumla, ile kubwa ya juu, niliiandika kama ilivyosema. Baba yako hakuuliza, nami sikumwambia. Usinisifu kwa hilo. Mwenye moyo angetoka akapiga kelele hadi kambi nzima isikie. Mimi niliacha alama ndogo kwenye karatasi kama panya aliyeng'ata pembeni ya gunia, nikaenda nyumbani kupika.

Siku ya nane watoto wa kambi, nawe ukiwa kati yao, mlikuja kusema kwamba udongo chini ya nguzo ya hospitali unatoa moshi, na majani pale yamekauka ijapokuwa mvua inanyesha kila siku. Wakubwa wakacheka. Mimi nilisimama na mwiko mkononi. Nguzo ile ilikuwa ya chuma. Nilijua. Wati zilizopotea nilikuwa nazitafuta kichwani kwa wiki nzima, na watoto wamekuja kuniambia zilipo. Zilikuwa zinashukia kwenye ile nguzo na kuuchemsha udongo. Nikajiambia kesho asubuhi nitamwambia Musafiri, mganga msaidizi wa hospitali, kijana mpole ambaye asingeniuliza nimejuaje. Kesho. Jioni ile mvua ilikuwa kubwa, na ulikuwa na kikohozi. Ninakuandikia sababu zangu ili uone zilivyo ndogo.

Asubuhi ya siku ya tisa sindano ilisimama kwenye ishirini na mbili. Maradufu. Rezistansi ilikuwa imebaki kumi, nusu ya ile ya zamani. Niliandika kumi na moja haraka, nikachukua ndoo ili niende hospitali. Nilikuwa sijafika kwenye mti ulipotundikwa kengele ya kambi niliposikia kelele za wanawake.

Ilikuwa Zaina, mfuaji wa hospitali. Humkumbuki, na hilo peke yake linaniuma. Tuliishi nyumba mbili kutoka kwake. Alikubeba mgongoni mwake mwezi mzima niliposhikwa na homa, akawa anasema u mzito kuliko mashuka ya wagonjwa wote. Alikuwa na sauti ya kucheka iliyosikika mpaka mtoni. Asubuhi ile alikuwa anaanika mashuka mabichi kwenye waya wa chuma aliokuwa ameufunga kwenye ile nguzo. Alikuwa miguu mitupu, kwenye matope. Musafiri alimvuta kwa ubao wa kitanda, lakini hakuamka.

Siku mbili baadaye Bwana Sasaivi alikuwa na maneno yake tayari. Laini ilikuwa nzima, akasema, na kaye iko, inaonyesha kumi na moja wiki nzima. Ni Musafiri aliyefunga waya kwenye nguzo ili aibe umeme wa taa ya chumbani kwake, ndiye aliyemuua Zaina. Musafiri alipigwa mbele ya hospitali, akafungwa kamba, akapelekwa Kabambare kwa Bwana Administrata, Mzungu mkuu wa serikali. Ile kaye ilitangulia kama shahidi. Mwandiko wangu, Feza. Uongo wangu ulikuwa umevaa sahihi ya Mzungu na unakwenda kumfunga mtu aliyejaribu kumwokoa rafiki yangu.

Baba yako aliitwa Kabambare kama mlinzi wa tablo. Nikamwambia nakwenda naye.

"Ukisema, tumekwisha," akasema.

"Na nikinyamaza?"

"Tunabaki."

"Basi wewe baki. Mimi nimechoka kubaki."

Nilikuacha kwa jirani, nikamshika mkono, tukaenda. Njia nzima hakunisemesha, na mimi ndiye niliyemwambia wapi pana shimo.

Bwana Administrata alikuwa amekaa barazani nyuma ya meza, kaye mbele yake. Musafiri alikaa chini, mdomo umevimba. Bwana Sasaivi alisimama pembeni akipepea kofia.

"Huyu bibi nani?"

"Bibi ya Sumaili," Bwana Sasaivi akasema. "Iko naleta chakula tu."

"Sikuleta chakula leo," nikasema. "Namba za mchana zilizo katika ile kaye niliziandika mimi. Za hospitali, siku tisa za mwisho, ni uongo."

Polisi mmoja alinyanyuka. Administrata akamzuia kwa mkono. "Weye unajua kusoma sindano?"

"Najua kuzisoma, na najua zinachosema."

Bwana Sasaivi akacheka. "Sawa. Volti mia mbili na ishirini. Amperi tano na nusu. Sema!"

"Rezistansi arobaini. Wati elfu moja, mia mbili na kumi."

Alitoa kalamu mfukoni akaandika kwenye kiganja. Alichukua muda kuliko mimi. Alipomaliza alirudisha kalamu mfukoni, na Administrata alikuwa anamtazama uso.

Nikamwambia Administrata afungue siku aliyokufa Zaina, asome laini tatu. Akasoma: mashini sitini, nyumba za Wazungu ishirini, hospitali kumi na moja.

"Jumlisha, Bwana."

"Tisini na moja."

"Sasa soma ile ya jumla."

Akasoma, akafuata mstari kwa kidole, akasoma tena. "Mia moja na mbili."

"Amperi kumi na moja hazipo. Rudi siku ya nyuma, na nyingine ya nyuma, hazipo pia, na kila siku zinazidi. Zimeandikwa hapo mbele ya macho ya mtu yeyote anayejua kujumlisha. Na sahihi iliyo chini ya kila ukurasa si yangu."

"Ni Musafiri!" Bwana Sasaivi akapaza sauti. "Ndizo alizoiba!"

"Mnasema taa yake ni ya wati ngapi?"

"Sitini."

"Mia mbili na ishirini mara kumi na moja ni elfu mbili, mia nne na ishirini. Hizo ni taa arobaini za sitini. Musafiri ana chumba kimoja, Bwana. Taa arobaini alizitundika wapi?"

Polisi wawili walicheka, wakajikohoza. Musafiri mwenyewe alicheka na mdomo wake ule uliovimba. Nikawaambia wakachimbe pale iliposimama nguzo, waone udongo.

Kisha Administrata akageuka. "Sumaili. Bibi yako iko nasema kweli?"

Baba yako alikuwa amesimama, uso wake umeelekea ukutani, maana hakujua sauti ilitoka upande gani. Hakujibu. Akaulizwa mara ya pili. Hakujibu. Administrata akamnyooshea kaye, "Angalia mwenyewe," na kaye ikabaki hewani kati yao. Hapo kila mtu akafahamu.

Nilimchukia kwa kimya kile. Nakuandikia kwa sababu utakuwa mke wa mtu siku moja, au hutakuwa, na vyovyote iwavyo utakutana na kimya cha mtu unayempenda. Mimi sikujua la kukifanya.

Mambo yaliisha hivi. Walichimba, wakakuta udongo umekaushwa mgumu kama tofali kwa kina cha mkono mzima. Musafiri aliachiwa baada ya wiki, bila neno la pole. Bwana Sasaivi aliondoka mgodini, wengine wakasema amepewa kazi kubwa zaidi pengine, na mimi naamini. Sisi tulipewa mpaka adhuhuri kuhama nyumba ya kampuni. Administrata aliniambia, "Ushukuru Mungu, bibi, nilikuwa naweza kukufunga." Sikushukuru. Kama alitaka kunifunga kwa uongo wangu angenifunga, nilikuwa na deni la hilo. Lakini kushukuru kwa kuachiwa niseme kweli, hapana. Nilimtazama mpaka akainamisha macho kwenye karatasi zake.

Kabla hatujaondoka nilikwenda kwa mama yake Zaina. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, siku tisa zote, na ile jioni ya kikohozi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nenda." Nikaenda. Hakunisamehe, na sikuja kukudanganya kwamba moyo wangu umetulia. Niliyoyasema Kabambare yalimtoa Musafiri kwenye kamba. Zaina hayakumtoa popote.

Tulitembea siku tano na wewe begani kwangu mpaka Lusangi, tukalima pamba ya lazima kama watu wengine. Misimu miwili baba yako hakuniambia neno. Wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wake: "Feza, mwambie mama yako chumvi imezidi." "Feza, muulize mama yako mvua imefika wapi." Nami nilikuwa nakujibu wewe, na yeye yupo hatua mbili. Ndiyo miaka niliyokufundisha hesabu kwa mkaa kwenye mgongo wa sufuria. Ulidhani ni mchezo. Nilikuwa nakupa kitu pekee nilichotoka nacho mgodini ambacho hawakuweza kukitoa nyumbani pamoja na vitanda.

Watu hapa Kasongo, tulikohamia baadaye, wanasema nakupeleka mbali ili ukose mume. Waache waseme. Wengine wanasema Sumaili alipofushwa na mdomo wa mkewe. Hilo pia nimelisikia, sokoni, mbele ya uso wangu, na nikaendelea kuchagua dagaa.

Sasa nisikie, mwanangu. Huko wakikuweka kushona, shona, na ushone vizuri, nguo haijakukosea. Kisha uombe kitabu cha hesabu. Wakikunyima, uombe tena kesho, kwa heshima, kwa sauti ambayo darasa zima litaisikia. Wakikuambia ubongo utachoka, waambie wakupe hesabu moja ngumu waone nani anachoka kwanza. Wataudhika. Sista ataandika kwamba una kiburi. Acha aandike, hiyo itakuwa kweli. Lakini kitu unachokijua wasikufanye ukiandike vingine. Si kwa kukutisha, si kwa kukubembeleza, wala si kwa ajili yangu au baba yako. Mimi niliandika kwa kukulinda wewe. Usiache mtu yeyote akulinde hivyo tena.

Nilitaka kufunga barua hapa. Lakini mvua imeanza, na baba yako, aliyekuwa nyuma yangu anasokota kamba, amesimamisha mikono.

"Mama Feza, barua gani ndefu hivyo?"

"Ya Feza."

"Iko na mambo ya mgodi."

Nikageuza karatasi.

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza."

"Nisomee pale barazani. Pale aliponiuliza."

Nikamsomea. Nilisoma pia kwamba nilimchukia, sikuruka neno. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mvua ilikuwa inapiga bati ikabidi nipaze sauti, na nadhani jirani amesikia yote. Nilipomaliza alinyamaza muda, nikadhani tumerudi tena Lusangi.

Kisha akasema, "Wakati ule unahesabu, mimi nilikuwa nahesabu nawe kichwani. Zile taa arobaini nilizifikia kabla hujazitaja. Nilitaka kusema. Ulimi ulikataa, niliogopa."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Halafu haya ilikaa sana." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu. Usiniandikie weye. Niwekee kidole mahali karatasi inaanzia."

Nimemwekea. Herufi zilizo hapa chini, zinazopanda kama njia ya kilimani, ni zake.

Mama yako anayekupenda,
Tabu

HESABU ILIKUWA SAWA. MIMI SUMAILI BABA YAKO NASEMA.